Boksi la korosho: likunje kwenye kompyuta kabla hujalilipia



Kila msimu wa korosho ukikaribia huku Nachingwea na Ruangwa, swali ni lile lile: "Kaka, tumetengenezewa boksi, tumetumiwa PDF, hebu litazame kama liko sawa." Nafungua, nakutana na kitu kimetandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa ukutani. Masikio huku, mbavu kule, maandishi mengine yamesimama na mengine kichwa chini. Hapo hata mwenye macho manne hawezi kusema liko sawa au haliko sawa, kwa sababu hilo bado si boksi. Ni karatasi yenye mistari.

Leo nimeamua niliweke jambo hili mahali pamoja, anayeuliza nimwelekeze hapa. Nitaeleza namna ya kuchukua kiolezo bapa cha boksi, ukalikunja ndani ya kompyuta, ukalizungusha na kulikagua pande zote kabla mchapaji hajakata karatasi hata moja. Programu nitakazotaja ni za bure, na laptop ya kawaida inatosha.

KWA NINI SISI WA HUKU HASA?

Korosho zetu nyingi zinaondoka zikiwa ghafi, ndani ya magunia. Mkulima anapeleka AMCOS, chama kikuu RUNALI (yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale) kinasimamia mnada, na tumo kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani. Baada ya hapo mzigo unasafiri kwenda India na Vietnam, unabanguliwa huko, unawekwa kwenye pakti nzuri yenye jina la mtu mwingine. Anayezitafuna London hajui kama kuna mahali panaitwa Ruangwa.

Sasa kuna vikundi, vingi vya akina mama, vimeamua kubangua, kukaanga na kufungasha vyenyewe. Hapo ndipo boksi linapoingia. Boksi ndilo litakalosema "Ruangwa" kwenye rafu ya duka. Lakini kazi ya kuchapa na kukata maboksi kwa wingi mara nyingi inapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Huwezi kupita kwa mchapaji asubuhi ukaangalia sampuli halafu ukarudi shambani. Sampuli ikitumwa kwa basi ni siku zinaenda, na njia yenyewe si ya kuaminika wakati wote. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake kilikata barabara ya Dar–Lindi, magari yakalala njiani. Kwa hiyo wengi wanaona boksi lao kwa mara ya kwanza mzigo wote ukiwa umeshafika, na hela imeshatoka.

Kikundi kimoja cha Ruangwa kiliniletea kazi ya mbunifu waliyekuwa wameshamlipa. Oda ilikuwa maboksi 1,000, hela ya kikoba. Picha waliyotumiwa WhatsApp ilikuwa tamu kweli, boksi limesimama juu ya meza ya mbao, mwanga unaingia dirishani. Nikaomba kiolezo chenyewe, nikakikunja. Kifuniko cha juu maandishi yalikuwa kichwa chini, na bakodi ilikuwa imekatiza kwenye kona, nusu ubavuni nusu mgongoni. Ile picha tamu haikuwa na kosa lolote kati ya hayo, kwa sababu haikuwa picha ya boksi lao. Nitarudi kwenye hilo.

Sisi wa Nachingwea tuna sababu ya pekee ya kuogopa mipango inayopendeza kwenye karatasi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja hapa vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yakafutwa kwenye vitabu, na reli baadaye ikang'olewa. Wangejaribu kwanza kwa kashamba kadogo wangejua mapema. Boksi nalo lina kashamba kake ka majaribio, na gharama yake ni jioni moja tu.

TUELEWANE MANENO

Boksi la kukunja tunalolijua leo lina baba yake, Robert Gair, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa na kiwanda Brooklyn, Marekani. Mwaka 1879, kwenye kazi ya mifuko ya mbegu, chuma cha kukandamiza mikunjo kilikaa juu kuliko inavyotakiwa, kikakata mifuko badala ya kuikunja. Gair akaona kwamba mashine moja inaweza kukata na kukunja kwa pigo moja. Mpaka leo mchapaji anatumia ubao wenye visu vya aina mbili, vikali vya kukata na butu vya kukunja. Kiolezo chako ndicho kinachomwambia kisu gani kikae wapi.

Majina nitakayotumia ni haya:

- Uso: upande wa mbele, wenye jina la bidhaa.
- Mgongo: upande wa nyuma.
- Mbavu: pande mbili nyembamba.
- Kifuniko na kitako: juu na chini.
- Ulimi: kile kipande kinachochomekwa ndani kifuniko kikifungwa.
- Masikio: vipande vidogo vinavyolala chini ya kifuniko.
- Ukingo wa gundi: ukanda mwembamba unaounganisha boksi ubavuni.

VIPIMO KWANZA

Usianze na mchoro, anza na korosho. Jaza gramu 250 kwenye mfuko wa ndani, funga, simamisha, pima upana, unene na urefu. Mfuko uliojaa unavimba katikati, kwa hiyo usipime mtupu. Na mfuko wa ndani ni lazima, kwani mafuta ya korosho yakigusa karatasi moja kwa moja yanaacha madoa.

Tuseme umepata boksi la milimita 80 kwa 50 kwa 160. Likiwa bapa, kutoka kushoto kwenda kulia, ni ukingo wa gundi 15, mgongo 80, ubavu 50, uso 80, ubavu 50. Jumla 275. Kwenda juu ni ulimi 15, kifuniko 50, mwili 160, kitako 50, ulimi 15. Jumla 290. Kwa hiyo kiolezo ni milimita 275 kwa 290. Kumbuka namba hizo, tutazitumia.

Usiyeweza kuchora mwenyewe, nenda templatemaker.nl, andika vipimo vyako, itakupa kiolezo bure. Au muombe mchapaji akupe chake. Hiyo ndiyo njia bora, maana huenda tayari ana ubao wa visu wa saizi hiyo na utaokoa gharama ya kutengeneza mwingine.

Kifungue kwenye Inkscape. Weka leya tatu: moja ya mistari ya kukata, moja ya mistari ya kukunja, moja ya mchoro. Usizichanganye kamwe. Rangi ya usuli ipitilize mstari wa kukata kwa milimita 3, ili kisu kikiteleza kidogo usionekane weupe pembeni. Maandishi yakae ndani, walau milimita 3 kutoka kila mkunjo na kila ukingo. Ukingo wa gundi uache mtupu, kwani gundi haishiki vizuri juu ya wino na vanishi. Ingiza rangi kidogo tu, milimita chache, ili kona isionyeshe weupe.

Tahadhari moja kwa wenye mafaili ya zamani. Inkscape kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017 ilihesabu nukta 90 kwa inchi, kuanzia hapo inahesabu 96. Faili la zamani likifunguliwa vibaya, urefu wa milimita 160 unageuka 150. Korosho hazitaingia. Pima upya kila mara.

KUKUNJA KWENYE BLENDER

Blender ni programu ya bure ya kazi za pande tatu. Kama laptop yako ni ya kizamani na matoleo mapya yanagoma, tafuta toleo 2.79. Vitufe vichache vinatofautiana, kazi ni ile ile. Haya, twende.

1. Kutoka Inkscape, toa ukurasa mzima wa kiolezo kama PNG, nukta 300 kwa inchi. Kwa vipimo vyetu utapata picha ya pikseli kama 3248 kwa 3425. Acha mistari ya kukunja ionekane kwa sasa.

2. Ndani ya Blender ingiza hiyo picha kama bapa. Ilaze chini, mchoro ukitazama juu. Ipe upana 27.5 na urefu 29, yaani sentimita moja ya boksi iwe mita moja ya Blender. Vitu vidogo mno vinasumbua kwenye skrini.

3. Bonyeza Tab kuingia kwenye uhariri, kisha K kupata kisu. Kata kufuata kila mstari wa kukunja na kila mstari wa kukata. Uzuri ni kwamba picha inabaki imegandia kwenye bapa, hata ukikata vipande hamsini kila kimoja kinabaki na sehemu yake ya mchoro. Ndiyo sababu ninapenda njia hii kwa anayeanza.

4. Futa maeneo yaliyo nje ya boksi. Hakikisha kuna upenyo mdogo kati ya kifuniko na sikio la jirani yake, vinginevyo vitang'ang'aniana wakati wa kukunja.

5. Anza na vipande vya mwisho. Chagua nukta mbili za mkunjo wa ulimi, bonyeza Shift+S, peleka kishale cha 3D kwenye ulichochagua. Weka kishale hicho kiwe bawaba ya kuzungukia. Sasa chagua ulimi, bonyeza R, kisha X, kisha 90. Umekunjika.

6. Rudia kwa kifuniko pamoja na ulimi wake, kitako, na masikio yote manne. Hapo ndipo uende kwenye mikunjo mirefu ya mbavu, ukitumia Y badala ya X. Kanuni ni kuanza pembeni kabisa na kumalizia karibu na uso. Kila unapokunja mkunjo, chagua kipande hicho pamoja na vyote vilivyo nyuma yake.

7. Mikunjo yote iende chini, upande usio na mchoro. Kipande kikija juu, tengua na uandike -90. Ukikosea hapo mchoro utabaki ndani ya boksi kama nguo iliyovaliwa ndani nje.

8. Mwisho zungusha boksi zima lisimame. Ukingo wa gundi uingie sawasawa nyuma ya ubavu wa mwisho. Kama kuna pengo au unapitiliza, kuna kipimo hakiko sawa kwenye kiolezo. Rudi Inkscape.

Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima. Mara ya tatu utamaliza kabla chai haijapoa.

BOKSI LIMESIMAMA, ULIZE NINI?

Kifuniko kwanza. Hapa ndipo wengi wanaumia. Kama kifuniko kimeshikamana na mgongo, kwenye kiolezo bapa maandishi yake lazima yawe kichwa chini ili mteja aliyesimama mbele ya uso ayasome vizuri. Kama kimeshikamana na uso, yanakaa wima. Mbunifu anayetazama karatasi bapa peke yake anaona maandishi yamepinduka, "anayarekebisha", na kwa kurekebisha anaharibu.

Pili, jirani. Zungusha boksi polepole. Nini kinafuata baada ya uso? Kama picha ya shamba inapita kutoka uso kwenda ubavuni, inaungana kwenye kona au inakatika? Na ile kona ya gundi, ambayo kwenye karatasi ni ncha mbili zilizo mbali kabisa, rangi zinakutana?

Tatu, bakodi. Isikatize mkunjo wala kona. Saizi kamili ya EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaweza kuipunguza mpaka asilimia 80, isiwe chini ya hapo. Kwenye ubavu wetu wa milimita 50 inaingia bila kupunguzwa. Mistari iwe myeusi juu ya weupe. Mistari myekundu usithubutu, kisomeo chenye mwanga mwekundu hakiioni. Zinazotolewa na GS1 Tanzania zinaanza na 620. Namba hiyo inasema imetolewa na ofisi gani, haithibitishi korosho zimelimwa wapi, kwa hiyo jina la Ruangwa liandike kwa herufi.

Nne, lebo. Jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Vyakula vilivyofungashwa sasa vinasajiliwa TBS, jukumu lililohama kutoka TFDA mwaka 2019. Thibitisha nao masharti kabla ya kuchapa. Kwenye boksi lililosimama angalia hasa mahali pa kugonga tarehe. Sehemu hiyo isiwe na vanishi, na isifichwe na ulimi.

PICHA TAMU ZA MTANDAONI

Sasa nirudi kwenye ile picha ya meza ya mbao. Mtandaoni kuna maelfu ya picha za maboksi zilizo tayari. Unabandika mchoro wako wa uso, kwa dakika mbili boksi limesimama na kivuli chake. Hakuna ubaya kwa tangazo. Lakini lile ni boksi la mtu mwingine, lina vipimo vyake na mikunjo yake. Umevisha uso wako kwenye mwili wa jirani. Kifuniko chako, kona zako na ukingo wako wa gundi havikuguswa kabisa.

Kwa hiyo mbunifu akikutumia picha, muulize swali moja: "Hii imekunjwa kutoka kwenye kiolezo kile kile kinachokwenda kwa mchapaji?" Akisita, mwombe kiolezo. Ni haki yako, umelipia.

AMBAVYO KOMPYUTA HAIONI

Nisiwadanganye, kompyuta nayo ina upofu wake. Karatasi ya Blender haina unene. Karatasi halisi ya gramu 350 ina unene wa karibu nusu milimita, na kila mkunjo unakula kidogo. Ndiyo sababu ubavu wa mwisho hupunguzwa kama nusu milimita, na ulimi hupunguzwa pia ili uingie bila kusukumwa. Tena karatasi ina uelekeo wa nyuzi zake. Ukikunja kukatiza nyuzi inapasuka au inarudi nyuma. Hayo mchapaji ndiye anayeyajua, msikilize.

Rangi nazo zinadanganya. Skrini inatoa mwanga, boksi lina wino. Kijani kinachowaka kwenye simu kitatoka kimepoa kwenye karatasi. Usiidhinishe rangi kwa kutumia WhatsApp.

Basi baada ya kompyuta, tengeneza boksi la mkono. Kiolezo chetu cha 275 kwa 290 hakiingii kwenye A4, kinataka A3. Kama steshenari ya karibu haina A3, kipunguze mpaka asilimia 70, kitakuwa kama 193 kwa 203, A4 inatosha. Hilo litakuonyesha mpangilio. Kwa kupima korosho, chapa saizi kamili kwenye A4 mbili, ziunganishe, bandika juu ya manila, kata, kunja, jaza mfuko ndani. Halafu mpe bibi au mtoto afungue bila kumwelekeza. Akilichana, ulimi umebana.

KABLA YA KULIPA

Mtumie mchapaji vitu vitatu kwa pamoja: PDF ya kiolezo yenye leya zake, picha za boksi lililokunjwa kutoka pande zote (juu na chini zikiwemo), na picha ya boksi la manila. Ondoa mistari ya kukunja kwenye mchoro wa mwisho, la sivyo itachapwa. Mwombe akate sampuli moja nyeupe ya karatasi halisi. Kwa maandishi, kubalianeni kwamba kazi ifanane na picha hizo. Ukiwa umbali wa kilomita 500, picha hizo ndizo macho yako.

Kile kikundi cha Ruangwa kilirudisha kazi kwa mbunifu, kifuniko kikageuzwa, bakodi ikahamia ubavuni. Kurekebisha faili kulichukua mchana mmoja. Sahani za kuchapia zikishatengenezwa, kosa hilo hilo linadai sahani mpya, na maboksi yakishakatwa halina dawa tena.

Wenye njia rahisi zaidi, hasa kwa wanaotumia simu peke yake, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Na aliye Nachingwea anayejua wapi pana mashine ya A3, ataje eneo, watu wanahangaika.